Bernadetha, Hukukimbia

Mwaka mmoja umetimia sasa, Bernadetha, tangu asubuhi ile ya masika ulipotutoka, na kahawa uliyosema utakuja kuionja mwenyewe sikukuu ya Pasaka bado iko kwenye gunia stoo. Mama yako hataki iguswe. Nimemwambia kahawa ikikaa sana inapoteza ladha, akaniuliza tangu lini mimi nimekuwa mtaalamu wa ladha. Basi imekaa.

Maandishi ya namna hii huandikwa na familia nzima kwa sauti moja, sisi tunakukumbuka, sisi tunakulilia. Safari hii familia imekaa kikao na kuniachia kalamu mimi baba yako, Aristides, na si kwa heshima. Mama yako alisema, "Andika wewe, na uandike yote." Mdogo wako Gladness ndiye anayechapa ninavyomsomea, na ameapa hatapunguza hata nukta. Kijitabu hiki kinagawiwa leo kwenye misa ya kumbukumbu yako, hapa nyumbani Mwika, na wanaokisoma wamekaa chini ya turubai, palepale walipokaa mwaka jana.

Kwa hiyo nasema na wewe, wao wasikilize. Kwa miaka kumi na miwili watu wamesema kwamba wewe, mchezaji wa sataranji wa kwanza katika mkoa wetu kati ya wanawake na wanaume, uliikimbia fainali ya taifa kwa woga. Umezikwa na neno hilo. Hukukimbia, mwanangu. Anayejua kwa nini uliondoka ubaoni ni mimi, na leo nitasema. Ila kwanza niwaambie ulikuwa nani, maana nikianza na lile sitaweza kuendelea.

Ulikuwa darasa la tano Mwalimu Sifael alipokuja shuleni na ubao wa sataranji, mchezo ambao ninyi mnauita chesi. Kete zilikuwa pungufu; ngome moja ilikuwa kizibo cha soda, na askari wawili walikuwa punje za mahindi. Siku hiyo ulirudi umechelewa, ng'ombe hawana majani, nami nimeshika fimbo. Hukujitetea. Ulisema tu, "Baba, kuna mchezo hauna bahati. Ukishindwa ni wewe mwenyewe." Nikakuambia huo si mchezo, ni kazi, na kazi iko zizini inakusubiri. Ukaenda kukata majani, na nilikusikia huko migombani ukihesabu miraba kwa sauti.

Nilikuwa mgumu, najua. Sisi wa mlimani tumelelewa kwamba mtoto akikaa chini mchana, basi anaumwa. Lakini ulipomaliza kidato cha sita ukawa unasubiri matokeo, masika ikashika kweli kweli, na hukuwa na mtu wa kucheza naye. Mwalimu Sifael alikuwa amehamishwa. Ukaja na ubao wako barazani nilipokuwa nachambua kahawa, ukasema, "Baba, naomba unifundishe uvumilivu." Mjanja wewe! Ulijua kufundishwa nisingekubali, ila kufundisha nisingekataa.

Ndivyo nilivyojifunza, na nilibishia kila kitu. Aliyenikera zaidi ni askofu. Mimi mwenyekiti wa kigango, halafu nikuone unamsogeza askofu kombokombo! "Askofu gani huyu anayekwenda upande upande?" Ukanijibu bila kuinua macho, "Ndiyo maana hajawahi kufika kigangoni kwetu, baba." Mama yako alicheka mpaka akamwaga mtori.

Hapo ndipo nilipopata tabia yangu mbaya. Sikuweza kucheza kimya. Nilisema na kete kwa Kichagga kama ninavyosema na ng'ombe: njoo huku, shuka, rudi, unakwenda wapi we mpumbavu. Ulinivumilia. Siku moja ukaniambia, "Baba, kwenye mashindano ukifungua mdomo hivi wanakutoa nje." Nikasema sina mpango wa kwenda kwenye mashindano.

Matokeo yalipotoka ukaenda kusoma, na uliporudi ukapata kazi mjini ya kuonja kahawa. Watu wengi hawakuielewa kazi hiyo, na mimi wa kwanza wao. Nimelima kahawa tangu sijaoa, halafu mwanangu analipwa kuivuta mdomoni na kijiko, kwa kelele, kisha anaitema! Nilikuja siku moja kukuona. Vikombe vimepangwa mezani safu nzima, nawe unavipitia, unavuta, unatema, unaandika. Ulifika kwenye kikombe kimoja ukasimama. "Hii imechumwa haijaiva," ukasema. Kumbe ilikuwa yangu. Hukusema zaidi ya hapo mbele ya wenzako, ila jioni ulinipigia simu ukanipa yangu yote. Tangu hapo sijachuma punje ya kijani.

Kwa ajili ya ulimi wako hukula pilipili wala hukutia sukari kwenye chai. Kwenye mkoba ulikuwa na kiubao kidogo chenye sumaku, na ukisubiri kitu chochote, foleni ya hospitali, mwenye zamu ya mashine ya kusaga, unakitoa. Hukuwahi kusema "nimeshinda." Ulisema, "Mchezo uliisha vizuri," tukajua. Ukisema, "Nimejifunza kitu," tulijua pia, na mama yako alikuchemshia ndizi bila kuuliza.

Ulikuwa bingwa wa mkoa ukiwa na miaka ishirini na mmoja. Siku hiyo ulimfunga meneja mmoja aliyekuja na tai yake, akaomba mrudie, ukamfunga tena, akasema taa ndiyo iliyokuwa inamsumbua. Ukamwambia, "Pole kaka, labda tuje kucheza mchana." Ilikuwa saa sita mchana. Jamani, tulicheka! Mwaka uliofuata ukawa wa tatu kitaifa, kisha wa pili, na jina lako likaanza kusomwa redioni. Watu wa kigango wakawa wananiuliza habari zako kabla ya kuniuliza habari za misa.

Na Jumamosi, wenzako wakienda saluni, wewe ulishuka Kahe kuwafundisha mabinti wa shule ya msingi wakishamaliza kumwagilia mashamba ya kwao. Mlichora ubao kwenye magunia, kete vizibo vya soda vilivyopakwa rangi. Nilikusindikiza mara moja kupeleka ndizi. Kulikuwa na katoto kamoja kanalia kwa kufungwa mara nne mfululizo. Nikakuambia, si umwachie hata mara moja, mtoto huyo? Ukanijibu, "Baba, nikimwachia nimemdanganya. Siku akishinda kweli hatajua kama ni kweli." Niliyasikia maneno hayo kwa masikio yangu mawili, na bado.

Sasa nifike.

Fainali ya taifa ya wanawake ililetwa Moshi mwaka ule. Mshindi angekaa meza ya kwanza ya timu ya taifa kwenye mashindano ya mataifa huko ng'ambo. Mpinzani wako alikuwa Maulida, binti wa Kiislamu wa hapo mjini, mchezaji hodari kweli. Nilivaa koti langu la Krismasi. Nusu ya ukumbi ilikuwa watu wa parokia yetu, waliokodi gari zima kuja kukuona. Mlangoni walituambia: simu zizimwe, na asifungue mtu mdomo. Atakayemsaidia mchezaji kwa neno au kwa ishara atatolewa nje, na mwamuzi ataamua hatima ya mchezo.

Nilikaa safu ya mbele, hatua nne kutoka mezani. Baada ya saa tatu za mchezo ulikuwa mbele, lakini saa yako ya mezani ilikuwa imebakiwa na dakika mbili. Ilikuwa zamu yako. Umeinamisha kichwa, mikono mapajani, husogei. Nami nikaona. Farasi wako wa nyuma, aliyekaa bila kazi tangu asubuhi, akishuka pale katikati angemtishia mfalme wa Maulida na malkia wake kwa pamoja. Mfalme lazima akimbie, malkia anabaki wa kuliwa, na wewe ni bingwa wa taifa. Dakika mbili zikawa moja na nusu. Nikasema moyoni, huyu mtoto hajamwona farasi.

Nikafungua mdomo nikasema kwa Kichagga, kwa sauti ya chini, kama mtu anayekohoa: "Farasi wa nyuma, mama. Mteremshe."

Uliinua uso. Hukugeuka kunitazama. Ukasimamisha saa, ukamlaza mfalme wako juu ya ubao, ndiyo ishara ya kukubali kushindwa, ukatia sahihi karatasi, ukampa Maulida mkono, ukatoka nje. Ukumbi mzima ulipigwa na butwaa. Mchezaji aliye mbele hakubali kushindwa, haijawahi kuonekana. Mzee mmoja nyuma yangu akasema, "Ameogopa kushinda." Nikamsikia, nikanyamaza.

Ungeweza kumwita mwamuzi. Wangenitoa mimi, na pengine wangekuruhusu kuendelea. Lakini ungelazimika kusema mbele ya watu wale wote kwamba aliyesema ni baba yako, mwenyekiti wa kigango, mtu anayeitwa kuamua majirani wakigombania mfereji wa maji. Na farasi mwenyewe ungemsogezaje tena baada ya hapo? Ukachagua kuondoka wewe.

Tulipanda kurudi Mwika kwenye pikapu ya kaka yako Mathew, mimi na wewe nyuma na mikungu ya ndizi. Nikasema, "Mama..." Ukanikatiza. "Ni mazoea tu, baba. Umezoea kusema na farasi. Usimwambie mama, atakusumbua." Nikasema ndiyo. Loo, nililishika neno hilo! Mazoea. Miaka kumi na miwili nimekunywa nalo chai.

Leo nasema mbele ya wote: hayakuwa mazoea. Nilimtazama mwamuzi kwanza. Alikwenda dirishani kuvuta pazia, maana jua lilikuwa linawapiga wachezaji wa meza ya pili, waliokuwa wanagombea nafasi ya tatu. Nikasubiri mpaka aliponipa mgongo, ndipo nikasema. Mtu wa mazoea hasubiri mgongo. Nilitaka binti yangu awe bingwa, nilitaka kurudi kigangoni nikiwa baba wa bingwa, nikaiba. Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako. Kilichokula ushindi wako, Bernadetha, kilikuwa kimevaa koti la Krismasi.

Magazeti yakaandika kwamba una kipaji ila huna moyo. Walioteua timu wakasema hutabiriki, na kwa miaka mitatu hawakukuita. Vijana wa stendi walikupachika jina la Bingwa Mbio. Nililisikia jina hilo kilabuni, nimeshika kata yangu ya mbege, na mwenzangu mmoja akanigeukia akasema, "Mzee, samahani, vijana hawana adabu." Nikamwambia hakuna neno. Ningeweza kumaliza yote pale kwa sentensi moja. Nilimaliza mbege.

Wewe hukumaliza hivyo. Ulirudi kuanzia chini, mashindano ya wilaya, ya mkoa, na mwaka wa nne ukawa bingwa wa taifa. Ukawa bingwa tena mwanao Victoria akiwa na miezi saba, unamnyonyesha kati ya raundi na raundi, na mama yako yuko nje ya mlango na nepi. Ulikwenda mashindano ya mataifa mara mbili. Ulikaa mezani kwa saa tano na mchezaji wa Ulaya mwenye cheo cha juu kabisa cha sataranji, mkatoka sare. Ulinitumia ujumbe wa sauti siku hiyo, bado ninao kwenye simu: "Baba, nimetoka sare. Nimekula mkate tu tangu asubuhi, natamani kiburu cha mama, ndizi na maharage." Sauti imechoka, ina furaha.

Hata hivyo kila walipokuhoji redioni, swali la mwisho lilikuwa lilelile. Bernadetha, siku ile Moshi ulikimbia nini? Unacheka, unasema, "Tumbo lilinisumbua." Mama yako akizima redio aliniuliza, "Hivi huyu mtoto tumbo gani lile?" Nikatoka kwenda kutazama ng'ombe. Ng'ombe wetu walitazamwa sana miaka hiyo.

Homa ya mapafu ilikuchukua kwa siku tisa. Siku ya sita nilikaa kando ya kitanda chako, nimejiandaa tangu nyumbani, maneno yote ninayo. Ukafumbua macho ukasema, "Baba, kahawa ya chini imeanza kuwa nyekundu?" Nikakujibu habari za kahawa. Uliniuliza mpaka habari za mbolea, nikakujibu zote, na muda wa kuona wagonjwa ukaisha. Nimewahi kuwaambia wachumba na wanandoa wengi kigangoni kwamba msizike neno. Mimi nililizika.

Na siku ya mazishi, hapa hapa, mgeni kutoka chama cha sataranji alisoma wasifu wako. Alisoma vizuri, maskini, alikupenda. Akafika mahali akasema, "licha ya kuteleza kwake siku ile ya fainali, marehemu alionyesha kwamba mtu anaweza kujirekebisha." Ujirekebishe wewe! Nilikuwa kiti cha kwanza. Watu wakaitikia kwa kichwa, na mimi nikaitikia kwa kichwa.

Labda ningeendelea kuitikia mpaka nife. Lakini mwezi wa pili mwaka huu Victoria, mwanao, ambaye tunaishi naye hapa na yuko darasa la pili, alirudi kutoka shuleni akauweka ubao wako juu ya kabati. Nikamwuliza kulikoni, kesho si kuna mashindano ya madarasa? Akasema, "Sitaki. Mwalimu wa michezo kasema nisije nikakimbia kama mama. Mimi najua nitakimbia tu, babu, mimi si mtoto wake?" Alisema bila kulia. Afadhali angelia.

Kesho yake asubuhi nikashuka mjini kumtafuta Maulida. Ana duka la vitenge karibu na soko. Nilifikiri nianze kwake, kwa kuwa yeye ndiye niliyemharibia mchezo, halafu nipande kwa mama yako nikiwa nimeshazoea kulisema. Alinitambua palepale.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Nimekuja na jambo zito. Siku ile ya fainali..."

Akaniwekea kigoda, akafunga nusu ya mlango. "Baba, mama yangu mzazi ni wa Kilema. Kichagga nimekinyonya. Nilikusikia neno kwa neno."

Mungu wangu. "Ulisikia ukanyamaza?"

"Nilimfuata nje. Nikamwambia, Bernadetha, siutaki ushindi huu, twende kwa mwamuzi. Akanishika mikono yote miwili. Akasema, 'Dada, yule ni baba yangu. Ukiukataa watauliza kwa nini.' Akaniomba. Ningefanyaje? Nimekaa na kikombe kile cha ubingwa nyumbani, sijawahi kukiweka sebuleni."

Nikamwambia namshukuru, na kwamba nimekosa kwake na kwa Mungu. Nikamwambia pia, maana bado nilikuwa natafuta pa kujishika, kwamba nilisema kwa sababu mtoto alikuwa hajamwona farasi, muda unakwisha.

Maulida akachukua kitenge, akakikunja, akakikunjua tena. Ni mwanamke mwenye adabu, nadhani alikuwa anajiuliza aniambie au asiniambie.

"Alikuwa amemwona, baba."

"Nani kasema?"

"Mimi nilikuwa mbele yake. Mkono wake ulikuwa umeshatoka pajani, umeshafika juu ya farasi yule, bado kumgusa tu. Nilikuwa nimeshakubali moyoni kwamba nimefungwa. Ndipo ukasema, na mkono ukasimama hewani. Kisha akaurudisha. Baba, hukuona?"

Sikuona, Bernadetha. Nilikuwa namtazama mwamuzi.

Sijui nilirudije Mwika. Nilimkuta mama yako anamenya ndizi, nikamwambia yote nimesimama, kofia mkononi. Aliendelea kumenya mpaka karai likajaa. Kisha akasema, "Miaka yote ile nilikuwa nikimwombea mwanangu apate ujasiri. Kumbe alikuwa nao, na mimi namwombea aupate." Siku tatu hakunisemesha. Chakula aliniwekea, chai aliniwekea, shikamoo za wageni tuliitikia wote wawili, lakini neno hakunipa. Siku ya nne alisema lile la kuandika.

Nimekwenda kwa paroko. Uenyekiti wa kigango nimeuacha tangu Kwaresima. Mlidhani ni miguu, wengine mkaniletea dawa ya kuchua. Nawashukuru kwa dawa. Si miguu. Chama cha sataranji nimewaandikia barua, nao wamesema wataisoma kwenye mkutano wao. Maji yakimwagika hayazoleki, siwadai chochote, ila wakitaja jina lako wataje sawasawa.

Na Victoria nilimwambia mwenyewe. Nilishusha ubao kabatini, nikampangia kete kama zilivyokaa siku ile, nikamwonyesha farasi, nikamwonyesha mkono wako ulipofikia, nikamwambia babu alisema nini. Akaushika ule mkono wangu akauweka juu ya farasi, akauondoa, akauweka tena, anapima. Akasema, "Kwa hiyo mama alishinda, halafu babu ukaharibu." Nikasema ndiyo. "Na mwalimu anajua?" Hapana. "Na wale wa stendi?" Hapana. "Basi mimi sichezi mpaka uwaambie."

Ndugu mnaosoma, nimewaambia.

Mwanangu, nilikuwa naogopa siku hii kuliko siku yangu ya kufa. Niliogopa macho ya watu hawa niliowaongoza. Wewe uliyabeba macho hayohayo ukiwa na miaka ishirini na mitano, kwa kosa lisilo lako, ukashuka nayo Kahe kila Jumamosi, na nyumbani ukaja na sukari yangu na kunisalimia shikamoo baba, kila mara, kwa magoti. Hukunipa hata siku moja jicho la lawama. Natamani ungenipa. Nakulilia, Bernadetha. Nisamehe.

Tunaokukumbuka ni mama yako mzazi Dominika. Binti yako Victoria. Kaka yako Mathew na mkewe. Mdogo wako Gladness. Mabinti wa Kahe, ambao wanakuja leo na magunia yao. Maulida, ambaye analeta kile kikombe akiweke juu ya kaburi lako asubuhi, kabla wageni hawajafika. Na mimi baba yako.

Misa ikiisha kutakuwa na meza moja hapa uani, kando ya migomba. Victoria atacheza na Maulida. Amewaalika mwalimu wake wa michezo na vijana wa stendi, kwa mdomo wake mwenyewe, nao wameahidi kuja. Kwangu ametoa sharti moja, kwamba nikae kule zizini, ambako sauti haifiki. Nimekubali. Kwenye ubao wa mwanao nitafunga mdomo, Bernadetha. Juu yako wewe, maisha yangu yote yaliyobaki, sitanyamaza tena.